Duma Amezoea Watu, Hajafugika

Ahsanteni kwa kuja. Mmeniuliza kama simba, chui na wenzao wanaweza kufugwa nyumbani. Nitaanza na duma, maana kama kuna mla nyama mkubwa aliyepewa kila nafasi ya kufugika, ni yeye.

Wafalme wa Mughal huko India waliwinda kwa duma. Akbar, aliyetawala 1556 hadi 1605, inasemekana aliwahi kuwa nao elfu moja. Duma alipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, macho yamefunikwa, akasogezwa mpaka karibu na swala. Kitambaa kikivuliwa, huyo! Akishakamata, mtunzaji alimfuata na upawa wa damu ya windo, akamwachisha taratibu, akamvisha kitambaa tena.

Naona mnatikisa vichwa: kama huko si kufugwa, ni nini? Basi sikilizeni. Duma wale walikamatwa mwituni, tena wakubwa, kwa sababu mtoto wa duma hukaa na mama yake mwaka na nusu hivi akijifunza kuwinda, na mwalimu mwingine hana. Zizini hawakuzaa. Jahangir, mwanawe Akbar, duma wake mmoja alipozaa aliliandika jambo hilo kama ajabu. Uzazi mwingine wa kizuizini haukuandikwa mpaka 1956, kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia.

Mnyama hufugika pale binadamu anapochagua nani azae, kizazi baada ya kizazi. Mwanasayansi Mrusi Dmitri Belyaev alianza hivyo na mbweha kule Siberia mwaka 1959: wapole tu ndio waliozalishwa, na baada ya vizazi vichache wakawa wanamtikisia mtu mkia. Simba aliyelelewa kwa chupa hajapitia hayo. Kenya tunamkumbuka Elsa, simba jike aliyelelewa na George Adamson na mkewe Joy. Tunamsahau Boy, simba mwingine wa George, aliyemuua msaidizi wa George kule Kora mwaka 1971.

Falme za Kiarabu zilipitisha sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kumiliki wanyama hawa. Hata hivyo watoto wa duma wanaendelea kutoroshwa kutoka Pembe ya Afrika kwenda Ghuba. Wengi hufia njiani. Anayefika hulishwa minofu mitupu, na kwa kukosa kalsiamu, madini ya mifupa, miguu yake hupinda. Wanaookolewa wakiwa wadogo ni vigumu kuwarudisha porini, kwani kuwinda hawajui. Kwa hiyo kuna mtu atakayewanunulia nyama kila siku, miaka kumi na zaidi, na mara nyingi si yule aliyewaagiza.