Sifuri ya Uongo: Makosa ya Basi Ndani ya Vifaa Vidogo

MWALIMU: Assalaam alaykum, wasikilizaji. Tunazungumza nanyi kutoka Lamu, na mkisikia punda akilia msishangae, kwani dirisha tumeliacha wazi kwa sababu ya joto. Mada ya leo ni makosa ya basi, na simaanishi gari la abiria, bali zile nyaya za pamoja ambazo mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, huzitumia kuwasiliana na vihisi. Bwana Fundi, tuanze na lile jokofu la samaki.

FUNDI: Waalaykum salaam, Bi Mwalimu. Niliitwa na mfanyabiashara ambaye changu na kolekole wake walioza ilhali kioo cha kipimajoto kilionyesha digrii 0 usiku kucha. Nakiri kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa programu ile niliiandika mimi. Kihisi chake kinatumia I2C, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, wenye waya wa data na waya wa saa tu, huo wa saa ukipiga pigo moja kwa kila biti, yaani kila 0 au 1. Katika mfumo huo hakuna kifaa kinachousukuma waya juu: resista ndiyo inayouvuta juu, nao ukawa 1, na kila kifaa kina uwezo wa kuuvuta chini tu, nao ukawa 0. Baada ya kila biti 8, anayepokea huuvuta waya wa data chini katika pigo la 9, na kuuvuta huko ndiko kusema kwamba amepokea.

MWALIMU: Basi waya ukishikwa chini na kitu kingine, jibu litakuwa ni "nimepokea" daima.

FUNDI: Ndivyo ilivyotokea. Hewa ya chumvi ilikuwa imeotesha kutu ya kijani baina ya pini mbili, ikaunganisha waya wa data na waya wa ardhi. Programu yangu ilipouliza kama kihisi kipo, iliona 0 ikadhani imejibiwa, na ilipoomba kipimo ikapokea sifuri tupu, ambazo kwa kihisi kile maana yake ni digrii 0 kamili. Hebu fikiria: barafu inayoyeyuka nayo huwa kwenye digrii 0, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuitilia shaka.

MWALIMU: Na kama waya ungekatika badala ya kugusana?

FUNDI: Ungebaki juu, nawe ungesoma 1 tupu, ambazo katika hesabu ya namba hasi ni hatua moja ndogo chini ya sifuri. Hata hilo lingempendeza mwenye samaki! Lakini hapo pigo la 9 lingekuokoa, kwa sababu hakuna ambaye angeuvuta waya chini. Kwa waya ulioshikwa chini, dawa ni kuutazama kabla ya kuanza, na kila unapotuma 1 kuhakikisha kwamba umepanda kweli.

MWALIMU: Mimi yaliyonisumbua ni mengine. Kila mara mota ya jokofu ilipowaka, umeme uliyumba na mikrokontrola ikajiwasha upya katikati ya kusoma, ilhali kihisi hakikuzimika. Kihisi kilikuwa kimeshika waya wa data chini kwa ajili ya biti yake, kikingoja pigo la saa linalofuata. Mikrokontrola nayo ilipoamka ikaona njia ina shughuli, ikangoja iachwe huru. Nilibonyeza kitufe cha kuanzisha upya mara nyingi bila mafanikio, kwa sababu kitufe kile hakikifikii kihisi.

FUNDI: Ndipo yanapokuja mapigo 9.

MWALIMU: Naam. Unaichukua pini ya saa mkononi mwako, unaipiga hadi mara 9 huku ukiuacha waya wa data huru, na kihisi kinamaliza baiti yake, kinakosa jibu, kinaachilia. Kisha unatoa alama ya kukomesha, yaani waya wa data unapanda wakati waya wa saa uko juu.

FUNDI: Mapigo hayo, Mwalimu, mimi huyatumia pia kama kipimo. Waya ukiachiliwa, alikuwa ni kihisi aliyepotea njia. Ukibaki chini, nashuku kutu na ninatafuta brashi. Ukiwa waya wa saa ndio ulioshikwa chini, mapigo hayana kazi, na ni lazima kuzima umeme wa kihisi chenyewe, jambo ambalo huwezi kulifanya ukiwa mbali kama hukukiwekea transista yake, yaani swichi ya kielektroniki, tangu mwanzo.

MWALIMU: Ndani ya prosesa, ule ubongo wa mikrokontrola, pia kuna basi. Kwenye prosesa za Arm za jamii ya Cortex-M, kama M3 na M4, ukisoma anwani isiyo na mwenyewe, prosesa husimamisha kazi, na BFAR, moja ya rejista zake, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu, huweza kukuonyesha anwani hiyo. Kuandika kuna utata zaidi, kwa kuwa prosesa huacha data kwenye ghala dogo ikaendelea. Ni kama kumtuma mtoto na barua mtaa wa Mkomani: anaporudi kukwambia kwamba nyumba haipo, wewe umeshafika mtaa wa Langoni. Makosa ya namna hiyo hayaachi anwani, kwa hiyo kwenye M3 na M4 mimi hulifunga ghala lile kwa muda ninapotafuta chanzo.

FUNDI: Wengi huandika kitanzi kisichoisha mahali pa kulipokea kosa.

MWALIMU: Mezani hilo linafaa, lakini kifaa kilichokwisha kabidhiwa kwa mteja kihifadhi rejista zake mahali pasipofutika, kisha kijiwashe upya. Jokofu lile la samaki sasa likoje?

FUNDI: Nimesugua kutu, nimepaka vanishi, na kosa likitokea kioo kinaonyesha vistari badala ya namba. Wiki iliyofuata mwenyewe alinipigia simu akilalamika kwamba nimemharibia kioo, eti zamani kilikuwa kikionyesha namba daima. Nikamwomba atie mkono ndani aguse barafu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anagusa maji.