Pete ya chuma: ufashisti wa Italia ulivyoingia majumbani

Ahsanteni, kaeni. Wazee wangu mlioko huku mbele, shikamooni. Najua wengine mmeshanisikia na hii habari ya pete na leo naileta tena, kwa sababu kila nikimtaja Mussolini, yule dikteta wa kifashisti wa Italia, lazima atokee mtu aniambie "lakini mwalimu, si treni zilikuwa zinafika kwa wakati?" Jamani, reli zilishaanza kutengenezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kabla hata hajashika nchi Oktoba 1922, hilo tuliache. Mimi nauliza mama wa kawaida, mke wa fundi viatu, serikali ilimfikiaje ndani kwake?

Chukueni tarehe 18 Desemba 1935. Italia imeshaivamia Ethiopia tangu Oktoba, mwezi uliofuata ikawekewa vikwazo, sasa dhahabu inatafutwa. Wanawake wakaambiwa leteni pete zenu za ndoa. Kwa Kiitaliano pete ya ndoa inaitwa fede, na fede hiyohiyo maana yake ni imani, kwa hiyo siku ile ikaitwa Siku ya Fede, yaani ukibaki na pete yako unaonekana huna imani na nchi yako, mnaona walivyokuwa wajanja? Pale Roma kwenye kaburi la askari asiyejulikana Malkia Elena alitangulia, wengine wakafuata foleni, na maaskofu wanabariki. Unatoa dhahabu unapewa pete ya chuma, imeandikwa dhahabu kwa taifa, 18 Nov. XIV. Hiyo tarehe ni siku vikwazo vilipoanza, na hiyo XIV ni mwaka wa 14 wa ufashisti, maana hata miaka walianza kuihesabu upya!

Utaniambia walitoa kwa hiari. Hapo mimi na wewe tutagombana. Hiari gani wakati kesho sokoni jirani anakuangalia kidole? Kuna waliokwenda wakanunua pete ya bei rahisi wakaitoa hiyo, ile ya ndoa wakaificha, sasa mtu anayeificha pete yake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe huyo ana hiari ya wapi? Na usidhani ni wanyonge tu. Pirandello, mwandishi, alitoa medali yake ya Nobeli. Benedetto Croce, mwanafalsafa aliyekuwa anaupinga utawala ule na kila mtu anajua, naye akatoa medali yake ya useneta. Croce! Kila nikifika hapa naumia, kwa sababu kama yule alilainika, unamlaumu vipi mke wa fundi viatu?

Halafu wakaingilia salamu. 1938 ofisini hakuna tena kupeana mikono, unanyoosha mkono juu Kirumi. Na neno la heshima la kumwambia mtu "wewe", Lei, likapigwa marufuku, semeni Voi. Hebu fikiria asubuhi unaamka redio inasema kuanzia leo shikamoo marufuku, utamwambia nini bibi yako? Kulikuwa na gazeti la wanawake linaitwa Lei, na pale Lei ilikuwa na maana ya yeye mwanamke tu wala haina uhusiano na heshima, lakini lilibidi libadilishe jina likaitwa Annabella. Watu wazima, wahariri, wanaliogopa neno la herufi tatu.

Kwenye kazi ndiyo usiseme. Kuanzia 1933 ukiomba kazi ya serikali lazima uwe na kadi ya chama cha kifashisti. Chama kifupi chake PNF, watu mitaani wakasema maana yake Per Necessità Familiare, kwa shida za familia, na kweli ndivyo ilivyokuwa, baba ana watoto wanne atafanyaje? Maprofesa wa vyuo vikuu 1931 waliapishwa kiapo cha utii, walikuwa kama 1,200, waliokataa ni kama 12. Wasomi hao.

Mwenyekiti ananionyesha saa, sawa, nakimbia. Makapera wa miaka 25 hadi 65 walitozwa kodi tangu 1927 kwa kutooa tu. Watoto wa kiume wa miaka 8 wanavishwa sare za Balilla, jumuiya ya watoto ya mafashisti, shule ya msingi nchi nzima kitabu kimoja cha serikali. 1938 watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa shule, asubuhi moja dawati liko tupu, hilo lilitaka mhadhara wake peke yake. Na huku kwetu Afrika, sheria ya Aprili 1937, Mtaliano akiishi kinyumba na mwanamke wa Eritrea, Ethiopia au Somalia, jela mwaka mmoja mpaka mitano. Huko walikuwa wameenda kwa dhahabu za wake zao!

Wengi wa askari wale wa Italia, Waingereza waliwakamata 1941 wakawaleta Kenya kama mateka wa vita. Mkishuka bonde la ufa kwa barabara ya Mai Mahiu kuna kanisa dogo pembeni, walilijenga wao 1942. Simameni pale siku moja mlione.

Haya, maswali. Ila la treni sijibu.