Maiti Aliyekuwa Hai: Nia ya Mpiga Picha na Jicho la Mtazamaji

Mabibi na mabwana,

Naomba tuanze na picha ya maiti ambaye hakuwa amekufa. Mwaka 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa ameketi kifua wazi, macho ameyafumba, kichwa kimelalia upande. Nyuma ya picha hiyo aliandika kwamba huyo ni Bayard, aliyejitosa majini baada ya serikali kumtuza Daguerre, mvumbuzi mwenzake wa upigaji picha, na kumwacha yeye, ilhali naye alikuwa amebuni njia yake ya kutoa picha kwenye karatasi. Lilikuwa lalamiko, tena kali. Hata hivyo, mwonyeshe picha hiyo mtu ambaye hajasoma maandishi ya nyuma, naye atakwambia bila kusita kwamba anamwona mtu aliyepitiwa na usingizi.

Je, mtazamaji huyo amekosea? Nasema hapana. Ndani ya fremu mna mwili uliotulia, basi. Kifo na hasira vimo katika maandishi. Mpiga picha wa kidhana huanza na wazo, kisha akatafuta vitu vya kulibeba. Mtazamaji huanza na vitu, akalitafuta wazo kwa kutumia yale aliyoyaishi, na hakuna sababu ya wawili hao kukutana mahali pamoja.

Tuitazame picha hiyo kwa karibu zaidi. Uso na mikono vimetoka vyeusi kuliko kifua, jambo ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa ni athari ya jua kwenye ngozi. Bayard aliliona, akaandika kwamba uso na mikono vimeanza kuoza. Weusi ule aliupa maana alipoitazama picha iliyokwisha kutoka, na kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtazamaji wake wa kwanza. Tunaposema "nia ya mpiga picha", tukumbuke kwamba sehemu ya nia hiyo huzaliwa baada ya kamera kumaliza kazi yake.

Mwaka 1974, msanii Mwingereza John Hilliard alilifanya suala hili kuwa ndiyo kazi yenyewe. Alichukua mandhari moja yenye mwili uliofunikwa shuka, akaikata kwa namna nne, na kila kipande akakipa neno lake: kupondwa, kuzama, kuanguka, kuungua. Mwili ni ule ule, lakini panapoonekana maji tunaamini mtu amezama, na panapoonekana moto tunaamini ameungua.

Simaanishi kwamba kila tafsiri inakubalika. Anayesema mtu fulani pichani analia, ilhali macho yake ni makavu, hajatazama. Mimi humwomba mtu jambo moja tu: nionyeshe mahali ulipoliona hilo.

Niliwahi kupiga picha ya kiti kitupu kilichoelekezwa ukutani, nikikusudia ioneshe hali ya kusubiri. Msichana mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akasema huyu ni mtoto aliyeadhibiwa. Nilimwuliza ameliona wapi. Akagusa miguu ya kiti kwa kidole: ilikuwa mifupi mno kwa mtu mzima. Kiti kile nilikuwa nimekichagua kwa sababu tu mwanga wa dirisha ulifika vizuri kwenye mgongo wake. Tangu siku hiyo, kila nikiitazama picha ile, namwona mtoto kwanza.