Mungu Aliyeupisha Ulimwengu

Mabibi na mabwana, karibuni. Kabala, yaani elimu ya siri za Mungu katika dini ya Kiyahudi, hatuiwezi yote jioni moja, kwa hiyo nitashika swali moja tu: kama Mungu amejaa kila mahali, ulimwengu ulipata wapi nafasi ya kuwepo?

Wakabala wa Hispania wa karne ya 13, enzi kilipoibuka kitabu cha Zohar, walimtaja Mungu kwa namna mbili. Yuko Ein Sof, Asiye na Mwisho, ambaye akili haimfikii kabisa. Halafu kuna sefiroti kumi, zikiwemo hekima, rehema na hukumu, ambazo kwazo anajidhihirisha. Naona nyuso zimekunjamana: je, hiyo si shirki? Hamko peke yenu. Abraham Abulafia, naye Mkabala wa karne hiyohiyo, aliwashambulia wenzake kwamba Wakristo wana watatu, wao wamefika kumi.

Jibu la swali letu lilitoka Safed, Galilaya, mji uliopokea wengi wa kizazi cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Isaac Luria alihamia huko mwaka 1570, na mwaka 1572 akafariki, bado kijana wa miaka 38. Hakuandika karibu chochote. Mengi tunayajua kwa kalamu ya mwanafunzi wake, Chaim Vital. Luria alifundisha kwamba kabla ya kuumba, nuru ya Ein Sof ilienea kote, isibaki hata upenyo. Ndipo Mungu akaivuta nuru yake pembeni, pakabaki uwazi katikati, na humo ulimwengu ukapata pa kukaa. Tendo hilo huitwa tsimtsumu. Kisha nuru ikarudi kidogo kidogo ndani ya vyombo, vingine vikashindwa kuibeba, vikapasuka, na cheche zake zikatawanyika hadi kwenye mkate tunaokula. Anayekula kwa baraka na nia safi anaziinua.

Sasa, je, alijiondoa kweli? Hapa ndipo ugomvi ulipo, na kwangu ndipo utamu ulipo. Shneur Zalman wa Liadi, kiongozi wa Wahasidi, vuguvugu la uchaji la Kiyahudi, katika kitabu chake Tanya cha mwaka 1796, alikataa katakata: nuru imefichwa machoni petu tu. Alisema viumbe ni kama mwale uliomo ndani ya jua lenyewe; upo, lakini hauna chake. Hakuna mahali pasipo na Yeye.

Wapinzani wao wa Lithuania walishtuka. Wao ni watu wa sheria, na sheria ya Kiyahudi inakataza hata kuwaza maneno ya Torati kwenye uchochoro wenye uchafu. Mtu akishaambiwa Mungu yumo kila mahali sawasawa, nani atamzuia asisome Torati penye kinyesi? Mfano si wangu. Hofu hiyo imo katika kitabu cha Chaim wa Volozhin, kilichochapishwa mwaka 1824, baada ya kifo chake.

Lakini msomeni vizuri huyo Chaim. Anakiri kwamba kwa upande wa Mungu, kweli hakuna kingine ila Yeye. Anachokataa ni mtu kupanga maisha yake kwa kipimo hicho, kwa sababu sisi tumewekwa upande huu, wenye halali na haramu. Kwa maoni yangu, juu ya Mungu mwenyewe hawa mahasimu walikaribiana kuliko walivyopenda kukiri. Walichogombania zaidi ni nani aambiwe, na aambiwe kiasi gani.