Elfu Kumi kwa Kila Kichwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, maafisa elimu kata, walimu wakuu, na nyie wanachuo mliojazana kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usawa na ujumuishi katika elimu yetu. Mada hii ina hatari yake: mtu anaweza kuongea saa nzima, ukumbi ukapiga makofi, na ukimuuliza aliyetoka nje kilichosemwa ni nini, akakosa la kukujibu. Kwa hiyo nitaibana. Nitazungumzia shilingi 10,000.

Walimu wakuu wanaijua. Ni ruzuku ya uendeshaji: 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile ya msingi, 4,000 inabaki juu, Serikalini, kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inayoshuka kwenye akaunti ya shule. Kiwango hicho tulianza nacho mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kikiwa kimekadiriwa kuwa dola 10 za Marekani. Wakati ule dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Leo huipati kwa chini ya 2,000, na elfu kumi yetu ni ileile. Hilo la thamani kushuka limeshasemwa sana na sitalirudia. Linaloniuma zaidi ni jambo jingine: kwamba tunaigawa kwa kichwa, kichwa kwa kichwa, na tunaamini kwa kufanya hivyo tumetenda haki.

Tuchukue shule mbili. Sizitaji, lakini mtazitambua, maana kila halmashauri inazo. Ya kwanza iko mjini, ina watoto 1,400. Kwa 6,000 kila mmoja inapata 8,400,000 kwa mwaka, yaani laki saba kwa mwezi. Ya pili ilianza kama shule shikizi, yaani tawi la muda la shule nyingine iliyo mbali, ina watoto 140, na kutoka pale hadi barabara ya lami ni kilomita 40. Inapata 840,000 kwa mwaka. Elfu sabini kwa mwezi. Kihesabu hakuna aliyeonewa; kila mtoto kapata elfu sita yake.

Sasa tufungue daftari la matumizi la ile ya pili. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba unatakiwa utolewe nakala. Shuleni hakuna umeme, achilia mbali mashine. Mwalimu mkuu anapanda bodaboda hadi barabarani, anasubiri gari, anafika mjini jioni, steshenari ina foleni, analala. Safari moja ya namna hiyo inameza sehemu kubwa ya ruzuku ya mwezi kabla karatasi haijalipiwa. Watahiniwa wawe 20 au 200, nauli ni ileile. Mwenzake wa mjini anavuka barabara tu, tena anapunguziwa bei kwa sababu anatoa nakala nyingi. Mwezi huohuo kuna safari ya benki, na kuna taarifa inayotakiwa halmashauri "kabla ya saa nane leo". Mlinzi ni mmoja, na hawezi kupokea nusu malipo eti kwa kuwa shule ni ndogo. Ramani ya Tanzania ya kubandika ukutani ni moja, bei yake haijui idadi ya watoto. Na fedha hizo zinafika zikiwa zimeshakatwa mafungu: ukarabati, vifaa, mitihani, michezo, utawala. Ukishazigawa elfu sabini katika mafungu hayo, kila fungu linakuwa la kutazama tu. Ndipo mwalimu mkuu anapoingia mfukoni kwake, katika posho ya madaraka. Au anaitisha kikao cha wazazi, na mchango uliofutwa unarudi kwa jina jingine.

Msinielewe vibaya. Waraka Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, ulikuwa wa haki, na ulifuatiwa na kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mliokuwa kazini Januari 2016 mnakumbuka madarasa ya kwanza yalivyofurika. Watoto wale walikuwepo siku zote, nyumbani. Waraka uliondoa kizuizi kilichokuwa sawa kwa wote. Vilivyobaki ni vile visivyolingana, na hivyo haviwezi kuondolewa kwa kiwango kimoja.

Wala si mara ya kwanza nchi hii kulikabili jambo hili. Tulirithi shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na mfumo wake. Mwaka 1962 tukaziunganisha, na mwaka 1969 tukataifisha shule za mashirika ya dini. Lakini kufuta ubaguzi wa rangi hakukufuta ramani. Wamisionari walikuwa wamejenga zaidi kwenye miinuko yenye baridi na kahawa: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe. Mtoto wa Lindi au wa umasaini alianzia nyuma kwa kilomita nyingi. Ndipo katika miaka ya 1970 Serikali ikaamua kugawa nafasi za kidato cha kwanza kimkoa. Mwanafunzi hakushindana tena na nchi nzima, alishindana na wenzake wa mkoani kwake. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na uliwaudhi watu. Mzazi wa Kilimanjaro aliona mwanawe mwenye alama nzuri anaachwa, wa mkoa mwingine mwenye alama ndogo anachukuliwa.

Akafanya nini? Akajenga. Mzazi akifungiwa mlango wa mbele atazunguka uani. Katika miaka ya 1980 shule za sekondari za wazazi na za mashirika zilichipuka kwa kasi, na zilichipuka zaidi kulekule kulikokuwa na nguvu ya kuzijenga. Serikali iligawa sawasawa fungu lake, lakini elimu ya nchi haikuwa fungu la Serikali peke yake. Leo jambo hilohilo tunaliona kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, na sitalisemea sana kwa sababu nusu ya waliomo ukumbini, na mimi nikiwemo, tumepeleka watoto huko. Ndiyo maana mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, wengine walinung'unika, mimi nilifurahi. Orodha ile ilikuwa inapima mifuko ya wazazi na kuiita ufaulu.

Nije kwa watoto wenye ulemavu, na hapa nitakaa kidogo. Tuna mapokeo ya muda mrefu ya shule maalumu: Buigiri kule Chamwino kwa wasioona, tangu 1950, Tabora kwa viziwi, tangu 1963. Baadaye tukahamia kwenye elimu jumuishi, kwamba mtoto asome na wenzake karibu na nyumbani, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaweka haki hiyo wazi. Kwa maneno, hakuna wa kuipinga.

Lakini ingieni darasani wakati wa hisabati. Watoto 90, mmoja wao haoni. Mwalimu kageukia ubao: "Ukichukua hii, ukaizidisha na hii, unapata hii hapa. Tumeelewana?" Darasa linaitikia kwa sauti moja, naye anaitikia. Hii ipi? Mwalimu si mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa kutamka kila anachokiandika, na kwa watoto 90 hana muda wa kukaa na mmoja. Mashine ya nukta nundu ipo, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu isije ikaharibika, na karatasi zake nzito ziliisha. Katika takwimu za wilaya, mtoto huyo amejumuishwa.

Kwa kiziwi hali ni ngumu zaidi, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wa chuoni hawaupendi. Mtoto kiziwi aliyepelekwa peke yake katika shule ambako mwalimu hajui Lugha ya Alama, wala hakuna kiziwi mwenzake wa kuongea naye, huyo ametengwa kuliko yule wa bweni Tabora. Kwake yeye, kitengo chenye mwalimu aliyesomea kazi hiyo na wenzake kumi ni bora kuliko darasa jumuishi la kwenye karatasi. Ujumuishi una gharama, na gharama yake kwa mtoto mmoja inaweza kuwa mara nyingi ya ile ya mwenzake aliyekaa naye dawati moja. Kanuni ya kichwa kwa kichwa haina mahali pa kuiandika.

Kadhalika wasichana waliojifungua. Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi katika mfumo rasmi, baada ya miaka mingi ya kufukuzwa moja kwa moja. Sihitaji kuwaeleza uzito wa hatua ile. Lakini binti anayenyonyesha, anayetembea saa moja na nusu kwenda sekondari ya kata, anahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Wengine wamepanga geto karibu na shule, chumba kimoja cha tope, wanapika wenyewe. Anarudi wiki mbili, ya tatu humwoni. Shule ingekuwa na bweni, au hata mama mmoja wa kijijini anayelipwa kidogo kulea watoto asubuhi, tungekuwa tunazungumza mengine. Fungu la hilo? Halipo.

Sasa mtaniuliza: unataka nini? Nataka kanuni yenye sehemu mbili. Kila shule ipate kwanza kiasi cha kuiwezesha kufunguliwa, bila kuangalia idadi ya watoto, ndipo iongezwe kwa kichwa. Na vichwa visihesabiwe sawa. Afrika Kusini wamezigawa shule zao katika madaraja matano kwa umaskini wa eneo, na za madaraja ya chini hupewa zaidi. Wana malalamiko yao, hasa kwamba mtaa unaweza kuonekana wa wenye nacho na shule ikajaa watoto wa wasio nacho. Sisi hatuna haja ya kukisia kwa mtaa. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ina daftari la kaya maskini, kijiji kwa kijiji. Najua mnavyocheka. Najua minong'ono kuhusu ndugu wa mwenyekiti wa kijiji walioingia kwenye orodha. Hata hivyo, daftari lenye kasoro linalosahihishwa kwenye mkutano wa hadhara linashinda kanuni inayojifanya haioni umaskini kabisa. Na sera mpya imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Tukimlazimisha mtoto kwa sheria, tujue pia ni nini kinachomsubiri akifika.

Nimalizie na jambo ambalo halihitaji kusubiri Dodoma, maana naona maafisa elimu kata mmeanza kuandika. Mshahara wa mwalimu mmoja, hata yule anayeanza kazi, unazidi mara kadhaa ruzuku yote ya mwaka ya ile shule ya watoto 140. Kwa hiyo anapopangwa mwalimu ndipo zinapopangwa fedha hasa. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa shuleni, inasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mkichukua wastani wa wilaya mnaweza kuukaribia, huku shule ya mjini ina walimu wa kupokezana vipindi, na ile ya kule ina watatu kwa madarasa saba. Mwalimu mpya anaripoti, anapokea fedha ya kujikimu, na kabla ya mwaka kuisha kuna barua: anamfuata mwenza, au ana cheti cha daktari. Simlaumu anayekimbia mahali pasipo na nyumba ya kulala. Lakini kila uhamisho wa ndani ya halmashauri una saini, na saini hizo zinawekwa na watu waliomo humu ndani. Mkubaliane kwamba mwalimu haondoki hadi aliyembadili awe amefika na kupokelewa, na kwamba nyumba ya kwanza ya mwalimu itakayojengwa kwa mapato ya ndani inaanzia shule ya mwisho ya barabara, si iliyo karibu na ofisi ili wageni waione.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali, na ninyi mliokaa kule mlangoni msitoke kwanza.