Kabla Jua Halijatua

Mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho, wale wa Walawi 16, mnawajua, nawapita. Kila ninapokwenda naulizwa: "Mwalimu, siku hiyo ya Upatanisho, Yom Kippur, Wayahudi hata maji hawanywi?" Hata maji. Saa 25 hivi, tangu jua linapotua kuingia tarehe 10 ya Tishri, mwezi wa kalenda yao, hadi nyota zionekane kesho yake. Hakuna kuoga, wala viatu vya ngozi. Mmeridhika? Basi tuje kwenye la maana.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika kitabu chake cha Yoma, inasema siku hii hufuta makosa ya mtu kwa Mungu wake. Kosa la mtu kwa mwenzake halifutiki mpaka amridhishe huyo mwenzake. Rabi Eleazar ben Azaria alilichimbua ndani ya Walawi 16:30 yenyewe: mtatakaswa dhambi zenu "mbele za Bwana". Mbele za Bwana! Za mbele ya jirani ziko palepale.

Namsikia mmoja huko nyuma ananung'unika: nikimwendea akanikatalia je? Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, alishakujibu karne ya 12. Rudi na watu watatu wakuombee radhi. Akikataa, rudi na wengine, kisha wengine tena. Akishupaa baada ya hapo, mwache, kosa sasa ni lake. Na kama amekufa? Chukua watu kumi, simama kaburini, useme mbele yao ulichomtendea. Kama alikuwa anakudai, walipe warithi. Hutoki, ndugu yangu!

Halafu kuna wewe unayetuma ujumbe mmoja wa simu kwa watu mia mbili: "Kama nimekukosea, nisamehe." Kama! Yule uliyemdhulumu shamba naye umemweka humo, kati ya fundi cherehani na shemeji yako.

Alasiri ya siku hiyo husomwa Yona. Ninawi walifunga, mpaka wanyama wakavishwa magunia. Lakini Mishna, katika kitabu chake cha Taanit, inatuonyesha kwamba andiko halikusema Mungu aliona magunia yao wala mfungo wao. Aliona matendo yao.

Nilitaka kueleza habari ya mgonjwa, naona nakonyezwa saa. Kwa kifupi, hulishwa, uhai uko juu ya mfungo. Isaya 58 kasomeni wenyewe. Husomwa asubuhi, watu wana njaa, na nabii anawagombeza kwa kufunga huku wakigombana.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma uliyenung'unika, anza.