Kuchonga kitako cha bunduki cha wolnati kwenye karakana ndogo

Haya mafundi wangu karibuni tena karakanani, leo ile kazi mliyoisumbukia kwenye komenti, kitako cha mbao cha bunduki ya kuwindia. Mimi niko huku Missouri, na huku wolnati nyeusi ndio mninga wao, mti wa kuheshimika, na ikikaribia Novemba msimu wa kulungu ndio watu wanakumbuka kumbe kitako kina ufa. Kabla hujashika hata msasa, toa bolti, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, halafu ingiza kidole uhakikishe haina kitu. Hata kama mwenyewe kakuapia haina risasi. Mimi kazi yangu mbao, chuma ni cha mwenye nacho na anakuja nacho mwenyewe.

Mbao sasa, hapa hatukimbizani. Hiki kipande kina unene wa inchi 2 na nusu, kimekaushwa kwa hewa, na hesabu ya mafundi ni kama mwaka kwa kila inchi, miisho nimeipaka nta isipasuke. Utajuaje imekauka? Pima kwenye mzani wa jikoni, andika uzito kwa penseli pale pale juu ya mbao, ukae wiki kadhaa upime tena, uzito ukigoma kushuka, tayari. Halafu watu wakiona maua kwenye mbao, ile michoro ya nyuzi iliyojikunja, wanapagawa, wananunua maua. Wewe angalia shingo! Hapa nyuma ya triga, mkono unaposhika, ndipo pembamba kuliko kote, nyuzi za mbao zinatakiwa zipite zinafuata shingo, zikikatiza mshazari basi siku bunduki ikianguka inakatika hapa hapa. Maua yakae huku nyuma kwenye tako, huku hayana madhara.

Chora, kata kwa msumeno wa mkanda, acha nyama ya kutosha. Hii sioneshi, kama ulishakata mguu wa kiti unajua. Ila ubavuni usizungushe kwanza, ubaki mraba, maana ukishazungusha utapata wapi pa kupimia, na kwenye jiriwa itakaaje.

Sasa kulaza chuma, yaani mtutu na mtambo wake unaobeba bolti, ndani ya mbao, na hapa ndipo napapenda mimi kuliko kote. Mashine inachimba sehemu kubwa, inayobaki ni patasi na kikwaruzo. Hiki kibatari mnachokicheka hapa ndio siri, kinatoa masizi, napitisha chuma juu ya moshi kiwe cheusi, nakilaza, nagonga taratibu kwa nyundo ya mpira, natoa. Ona... ngojeni, kamera imelenga ukuta. Haya. Ona hizi alama nyeusi, ndipo chuma kinapogusa, unakwaruza hapo tu, unarudia. Masizi, laza, toa, kwaruza, mpaka weusi uenee chini kote. Mchana mzima unaweza kuisha hapa na ukajiona hujafanya kitu, ni kawaida.

Kuna hili jino chini ya mtambo, hili, ndilo linalopokea teke lote la bunduki na kulisukumia kwenye mbao. Lisipoegemea vizuri kwa nyuma, mbao inapasuka taratibu, kwa hiyo tunalitengenezea kitanda cha epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu. Na hapa naomba mzime redio. KABLA ya epoksi, paka chuma chote kiwi, ile isiyo na rangi, ya viatu. Chote. Matundu ya skrubu jaza udongo wa watoto wa kuchezea, skrubu zenyewe paka pia. Hilo jino zungushia selotepu ya umeme mbele, ubavuni na chini, nyuma usiweke, nyuma ndiko kunakoegemea. Umepaka kiwi? Rudia tena. Kuna mteja kaniletea yake imeshikana, chuma na mbao kitu kimoja, kashauriwa aitie kwenye friza chuma kisinyae kiachie, na wapo inaowaachia, ya kwake iligoma ikabidi tupasue kitako kizuri kabisa cha watu. Kiwi jamani. Sasa changanya epoksi, weka, laza, futa inayotoka pembeni, kesho tutaonana.

...Imetoka! Mnaisikia hiyo "tak"? Muziki.

Mtutu wenyewe usiguse mbao popote mbele. Chukua noti ya dola, ipitishe chini ya mtutu, iteleze mpaka nyuma bila kukwama. Pale inapokwama, kwaruza kidogo, jaribu tena.

Urefu wa kitako, viwandani wanapenda inchi 13 na nusu toka triga mpaka mwisho, ila wewe mpime mtu mwenyewe, na mpime akiwa kavaa koti, Novemba huku sio Tanga. Halafu ndio sasa unazungusha, kwa randa, kwa tupa, kwa kikwaruzo. Vaa barakoa, vumbi la wolnati linawasha mapafu, na takataka zake usimpe jirani mwenye farasi akatandike bandani, wolnati nyeusi inawaharibu farasi kwato.

Msasa namba 150, 220, 320. Katikati lowanisha mbao kwa kitambaa, vinyweleo visimame, ikikauka piga msasa tena, rudia mpaka visisimame. Mafuta mimi napaka linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, vanishi ya kung'aa sitaki, inafanya mbao ionekane plastiki, anayeipenda shauri yake. Tabaka jembamba, sugua kwa kiganja mpaka kipate joto, futa yote inayobaki juu, kesho tena, kesho kutwa tena. Ukiweka nene itanata mpaka Pasaka.

Na vitambaa vya linsidi usivikunje ukatupa kwenye pipa! Vinajipasha vyenyewe, vinawaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au tia kwenye kopo la maji.

Michoro ya msalaba ya kushikia mkono nitaifanyia video yake, inataka taa nzuri na hii taa imeanza kukonyeza. Vipande vya wolnati vikavu ninavyo, vyenye shingo nyoofu, anayetaka anicheki inbox anitajie na aina ya bunduki, na kibatari hiki cha masizi sikiuzi, msiulize.